Kahawa ya Mwanajeshi na Deni la Usingizi



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetupa usiku wa kupumzika na mchana wa kuchuma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, juma hili twataka kuzungumza juu ya kikombe cha kahawa, na hasa juu ya ile nguvu iliyomo ndani yake inayomwezesha mtu kukesha. Tumechagua kuitazama nguvu hiyo kupitia kwa wanajeshi, kwa sababu wao wamepimwa na wataalamu wakiwa katika dhiki ambayo mtu wa kawaida hafikishwi. Yaliyoonekana kwao yana mafunzo kwa kila nyumba yenye mlinzi wa usiku, dereva wa masafa marefu, muuguzi wa zamu au mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani.

Yafaa tukumbuke kwamba kahawa haikuanzia kambini. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa ili wapate kukesha katika dhikri, na baadaye bandari ya Mokha ikapata umaarufu duniani kwa biashara yake. Mwaka 1511 kahawa ilipigwa marufuku Makka kwa amri ya Khair Beg, aliyekuwa mtumishi wa dola ya Wamamluki, lakini marufuku hiyo haikudumu. Katika karne hiyo hiyo ya 16, Abdul-Qadir al-Jaziri aliandika kitabu kizima cha kutetea uhalali wake. Basi asije mtu akatusoma vibaya akadhani kwamba twataka kuwavunjia watu baraza zao na kumwaga madele ya kahawa chungu. Swali letu ni jingine: kinywaji hiki humpa mtu nini, na kisichoweza kumpa ni kipi?

Majeshi nayo yaliijua kahawa mapema. Mwaka 1832 Rais Andrew Jackson wa Marekani aliondoa pombe katika posho ya wanajeshi, na mahali pake ikawekwa kahawa na sukari. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, kati ya 1861 na 1865, mwanajeshi wa upande wa Kaskazini alitengewa takriban kilo 16 za kahawa kwa mwaka. Sisi ambao dini yetu imetuharamishia pombe hatushangai kuona viongozi wa vita wakifikia uamuzi kwamba askari mwenye akili timamu ni bora kuliko askari mlevi. Siku hizi jeshi la Marekani lina hata chingamu yenye kafeini, kila kipande miligramu 100, iliyotokana na kazi ya taasisi yake ya utafiti ya Walter Reed. Kafeini ndiyo ile kemikali ya kahawa na chai inayoondoa usingizi.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kuifahamu. Tangu mtu anapoamka, ubongo wake huanza kukusanya kemikali iitwayo adenosini. Kadiri saa zinavyopita ndivyo inavyozidi, nayo hubisha hodi katika milango maalumu ya ubongo na kuuambia mwili kwamba wakati wa kulala umewadia. Kafeini imefanana na adenosini kwa umbo, hivyo huwahi kuingia katika milango ile na kuiziba. Adenosini hubaki nje ikingoja, wala haiondoki, na saa zinavyokwenda huendelea kuongezeka. Kafeini inapomalizika mwilini, wale waliokuwa wakingoja mlangoni huingia wote kwa pamoja. Ndiyo maana twasema kwamba kahawa haimlipii mtu usingizi aliokosa. Humwombea muda tu kwa mdai wake.

Sasa tuwatazame wanajeshi wenyewe. Jeshi la Majini la Marekani lina kikosi maalumu kiitwacho SEAL, na kuruta anayetaka kujiunga nacho hupitishwa katika juma moja la mateso ya mazoezi. Wao huliita Wiki ya Jahanamu. Nasi twamuomba Mola atukinge na jahanamu ya kweli. Kwa siku tano na zaidi makuruta hawa hulala saa chache mno, huzamishwa katika maji ya bahari yenye baridi, hubeba mashua vichwani, na hukimbizwa huku na huku kwa kelele na maamrisho.

Mtafiti Harris Lieberman na wenzake, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002, walieleza jinsi walivyowapima makuruta 68 wa mazoezi hayo. Baada ya saa 72 za kunyimwa usingizi, makuruta waligawanywa. Baadhi walipewa kafeini miligramu 100, wengine 200, wengine 300, na wengine walipewa kitu cha kufanana nayo kisicho na kafeini yoyote, ili pawe na kipimo cha kulinganishia. Kisha wakapimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa nane. Ili msomaji apate picha, kikombe kikubwa cha kahawa ya kawaida huwa na takriban miligramu 95, ingawa kiasi hubadilika kwa ukali wa kahawa na namna ilivyopikwa.

Matokeo yalionyesha kwamba kafeini ilisaidia. Waliopewa miligramu 200 au 300 waliweza zaidi kukaza macho kwenye kioo cha kompyuta na kuiona alama hafifu iliyotokea kwa ghafla. Walijibu upesi zaidi walipotakiwa kuchagua jambo, na wenyewe walisema uchovu na usingizi umepungua. Nafuu hiyo ilikuwa kubwa zaidi baada ya saa moja, na dalili zake zilikuwa zingalipo baada ya saa nane. Watafiti waliona kwamba miligramu 200 ndicho kiasi kilichofaa zaidi katika hali kama ile. Hapana haja ya kuficha jambo hili: mlinzi aliyechoka akipewa kahawa kwa kiasi, huona vizuri zaidi kuliko mlinzi aliyechoka asiyepewa.

Lakini kuna jambo ambalo kafeini haikuweza kulifanya, na hapo ndipo penye funzo letu. Makuruta walipimwa pia kulenga shabaha kwa bunduki. Kukosa usingizi pamoja na dhiki ya mazoezi kuliharibu ulengaji wao, na kafeini haikuurudisha. Ripoti nyingine ya mwaka 2003 kuhusu makuruta wa mazoezi hayo ilieleza kwamba waliopewa kafeini walilenga kwa haraka zaidi, lakini risasi zao hazikupiga kwa usahihi zaidi. Macho yalifunguka na kidole kikaharakisha, ila mkono ulibaki kuwa mkono wa mtu asiyelala siku tatu.

Tulizingatie hilo vizuri. Mtu aliyekunywa kahawa baada ya kukesha hujihisi yu mzima, naye husadiki hisia zake. Kumbe kilichorudi ni sehemu tu ya uwezo wake. Dereva hujiona macho yake yako wazi barabarani, akaongeza mwendo, ilhali mkono na hukumu yake bado vimechoka. Ile hisia ya uzima ndiyo inayomfanya aendelee na safari ambayo angeikatiza lau angehisi uchovu wake sawasawa.

Kuna upande wa pili, nao ni wa dhiki yenyewe. Mwenyezi Mungu ameuumba mwili ukiwa na namna ya kukabili hatari. Mtu anaposhtuka, tezi zake hutoa adrenalini na kotisoli, moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, na nguvu hukusanywa kwa ajili ya kupigana au kukimbia. Hii ni neema, kwani bila yake tusingeliruka gari linapotujia. Kafeini nayo, kwa njia yake, huuchochea mwili utoe homoni hizo hizo na hupandisha shinikizo la damu. Basi mtu ambaye tayari yumo katika dhiki, akaongeza kafeini nyingi, huwa ameongeza kuni katika moto uliokuwa ukiwaka. Anayeizoea kila siku, mwili wake hupunguza mshtuko huo, lakini uchunguzi umeonyesha kwamba mazoea hayauondoi wote. Akizidisha kiasi huingiwa na kutetemeka, moyo kwenda mbio na wasiwasi, na ni vigumu kwake kutambua kipi kimetoka kwa adui na kipi kimetoka katika kikombe.

Haya yalionekana nje ya mazoezi, katika vita vyenyewe. Mwaka 2010 wataalamu wa jeshi la Marekani waliwahoji wanajeshi waliokuwa Afghanistan juu ya vinywaji vya kuongeza nguvu, vile vya mikebe. Asilimia 44.8 walisema wanakunywa angalau kimoja kwa siku, na asilimia 13.9 walikunywa vitatu au zaidi. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2012, ilionekana kwamba wale wa vitatu au zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kulala saa nne au chini ya hapo kwa usiku, na wa kusumbuliwa na dhiki katika usingizi wao. Tena, hawa ndio waliozidi wenzao kwa kusinzia katika mikutano na katika zamu za ulinzi.

Msomaji mwenye insafu atauliza: je, vinywaji ndivyo vilivyowanyima usingizi, au kukosa usingizi ndiko kulikowapeleka kwenye vinywaji? Mahojiano kama yale hayawezi kupambanua hilo. Huenda yote mawili ni kweli, kila moja likilisukuma jenzake kama gurudumu. Ila jambo moja li wazi: mkebe wa tatu haukumzuia mlinzi kusinzia zamuni.

Sasa twende kwenye mafunzo ya dini yetu, kwani Mtume (S.A.W.) na sahaba zake walikuwa watu wa safari na vita, na uchovu waliujua. Katika aya ya 11 ya Suratul-Anfal, Mwenyezi Mungu anawakumbusha Waumini wa Badr namna alivyowafunika kwa usingizi ili wapate utulivu kutoka Kwake, na akawateremshia mvua. Jeshi lile lilikuwa dogo, mbele ya adui aliyelizidi kwa idadi na silaha, na msaada uliotajwa ukawa ni usingizi. Sisi tunaouhesabu usingizi kuwa ni uvivu, na tunaojisifu kwamba tumekesha, yatupasa tusimame mbele ya aya hiyo tuifikiri.

Imepokewa pia kwamba wakati wa kurudi kutoka Khaybar, Mtume (S.A.W.) na jeshi lake walichoka sana, wakapumzika mwisho wa usiku, na Bilal akapewa kazi ya kuwaangalizia alfajiri. Bilal alisali kadiri alivyojaaliwa, kisha akaegemea kipando chake akielekea upande wa mapambazuko, na usingizi ukamshinda. Hakuna aliyeamka mpaka jua likawachoma. Bilal hakuwa mzembe wala dhaifu wa imani. Aliyevumilia jiwe kifuani katika mchanga wa Makka hakosi azma. Lakini azma ina mpaka wake, na mwili ukifika mpaka huo huchukua haki yake bila kuomba ruhusa. Mtume (S.A.W.) hakumkemea. Aliwaongoza wasogee mbele kidogo, wakatawadha, wakaisali sala yao.

Na katika vita vya Dhatur-Riqaa kuna kisa cha walinzi wawili, Ammar bin Yasir na Abbad bin Bishr, waliowekwa kwenye mdomo wa bonde. Kitu cha kwanza walichokifanya ni kuugawa usiku. Mmoja alilala sehemu ya kwanza, na mwenzake akasimama macho akisali. Sisi aghalabu hukisimulia kisa hiki kwa sababu ya mishale aliyopigwa Abbad naye yumo katika sala, na ni kisa kitukufu kweli. Lakini kabla ya mishale kulikuwa na makubaliano ya zamu. Mashujaa wale hawakudhani kwamba ushujaa ni kukesha wote wawili usiku kucha.

Twayasema haya kwa sababu ya mama mmoja aliyetujia baada ya darsa ya akina mama. Alisema: “Sheikh, mume wangu ni mlinzi wa usiku, saa kumi na mbili kila zamu. Hunywa mikebe mitatu kabla ya alfajiri, akirudi nyumbani hawezi kulala, na sasa ameonywa kazini kwa kukutwa amesinzia. Na mwanangu wa kidato cha nne ameanza kumuiga babake, asema mtihani u karibu. Je, vinywaji hivi ni haramu?”

Tulimjibu: Mama yangu, asili ya vitu hivi ni halali, na hatuwezi kukiharamisha alichokiacha Mola. Lakini mwili wa mtu una haki juu yake, na halali ikimdhuru hulazimika kuipunguza au kuiacha. Tena kulinda mali ya watu ni amana, na mwenye amana hutafuta njia iliyo bora ya kuitimiza. Mumeo anachokihitaji kwanza ni usingizi wa mchana, na huo nyumba nzima ina sehemu katika kuupatikanisha: chumba chenye giza, mlango uliofungwa, redio iliyozimwa, watoto wacheze mbali, na wageni waambiwe kwa upole kwamba mwenye nyumba amelala. Mke anayemlindia mumewe usingizi wa mchana anashiriki naye katika ulinzi wa usiku.

Kisha kahawa ipewe wakati wake. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya muda wa saa tano hivi. Mtu akinywa miligramu 200 saa kumi na mbili na nusu za jioni, mnamo saa tano na nusu za usiku bado anazo kama 100. Kwa mlinzi hilo lafaa. Lakini akiinywa karibu na alfajiri, ataenda nayo kitandani asubuhi, na usiku unaofuata ataingia zamuni na deni kubwa zaidi. Basi anywe mwanzoni mwa zamu kwa kiasi, na baada ya saa sita ya usiku aache. Akipata kailula baada ya Adhuhuri, hata ya nusu saa, hiyo ni sunna, na hata majeshi ya leo yameitambua faida yake. Mwongozo wa afya wa jeshi la Marekani wa mwaka 2020 umeuhesabu usingizi kuwa moja ya nguzo tano za utayari wa askari, pamoja na mwili, lishe, akili na roho.

Ama kijana wa kidato cha nne, yeye hana sababu ya mkebe hata mmoja. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa kauli mwaka 2011 kwamba vinywaji vya kuongeza nguvu havina nafasi katika chakula cha watoto na vijana. Tena usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga na kuyahifadhi yaliyosomwa mchana. Anayekesha kwa mikebe ni kama mvuvi anayevua usiku kucha kwa nyavu zilizotoboka. Na alale baada ya Isha, aamke kabla ya Alfajiri, asali, asome akili yake ingali safi. Kwa mtu mzima mwenye afya, wataalamu wa Ulaya waliweka mpaka wa miligramu 400 kwa siku, na mama mja mzito asizidi 200, kwani kwake kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu amuulize daktari wake.

Neno letu la mwisho twalielekeza kwa waajiri, kwani miongoni mwa wasomaji wetu wamo wenye maduka, magari ya mizigo na maghala. Wanajeshi wa Wiki ya Jahanamu walijitolea, na mateso yao yalikuwa na siku ya kumalizika. Mlinzi anayekesha usiku saba kwa juma, mwezi baada ya mwezi, hakuna siku anayongojea. Ukimkuta amesinzia langoni, kabla hujamkata mshahara jiulize kama uliugawa usiku kama walivyougawa Ammar na Abbad. Walinzi wawili wanaopokezana, na usiku mmoja wa mapumziko kwa juma, watakulindia mali yako vizuri zaidi kuliko mlinzi mmoja na kreti ya mikebe. Dereva naye akisema amechoka, umruhusu aegeshe gari. Mzigo uliochelewa utafika. Roho iliyotoka hairudi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape usingizi mwema wale wanaokesha kwa ajili yetu, awalinde walinzi wetu na madereva wetu, awafungulie watoto wetu fahamu zao, na atujaalie kuzitumia neema Zake kwa kiasi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.